Walimu wa hesabu kufanya utafiti wao wenyewe shuleni: mwongozo kamili, na vikwazo vitakavyowakuta njiani

Huu mwongozo nauandika kwa walimu wenzangu wa hisabati sekondari, hasa sisi wa shule za kata huku Tanzania, ambao kila Januari matokeo ya kidato cha nne yakitoka tunaitwa kikao tunaulizwa hesabu kuna nini, tunaandika mkakati (tusheni, mtihani kila wiki, kambi), mwaka unaisha na Januari nyingine kikao kilekile. Kitaifa ufaulu wa hisabati umekaa miaka na miaka chini ya theluthi ya watahiniwa, kwa hiyo usijione uko peke yako. Lakini hiyo mikakati yote inaongeza wingi wa kitu kilekile, mtoto asiyeelewa namba hasi kwa vipindi vya kawaida unamfundisha vilevile jioni na jumamosi.

Njia nyingine ni walimu wenyewe kuchunguza darasa lao. Mnachagua sehemu moja watoto wanapokwama, mnatafuta kwa nini wanakwama, mnapanga somo pamoja, mmoja anafundisha wengine wanaangalia, mnakaa mnajadili, mnarekebisha, mnafundisha tena mkondo mwingine, mnapima. Wajapani wanafanya hivi tangu karne ya 19, Zambia walianza mwaka 2005 wakisaidiwa na JICA (shirika la misaada la Japani), na Kenya kulikuwa na SMASSE, mradi wa kuwanoa walimu wa hisabati na sayansi wa sekondari, iliyoanza 1998 kwenye wilaya tisa ikiwa na mtindo wa panga, fanya, angalia, boresha. Hapa kwetu tuna MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) ya Taasisi ya Elimu, na kila shule inatakiwa iwe na Jumuiya ya Ujifunzaji, JzU. Kwa hiyo mwavuli upo tayari, hamhitaji mradi wala mfadhili.

Sasa mbona haifanyiki, au inafanyika kwenye faili tu? Mimi naona shida haiko kwenye ujuzi wa kutafiti. Shida ni kwamba kwetu mtu akija kukaa nyuma ya darasa lako na kalamu, ujue unakaguliwa, na kitu chochote kizuri kikishafika ofisini kinageuka fomu ya kujaza. Hivyo viwili ndio vinaua. Karibu kila hatua hapa chini ni namna ya kuvikwepa.

HATUA YA 1: Malizaneni na mkuu wa shule kabla ya kuanza

Msianze kimyakimya mkidhani mtamuonyesha matokeo baadaye. Nendeni wawili, mkuu wa idara na mmoja wenu, mtaaluma mkimpata awepo, na muende na maombi yasiyozidi matatu. La kwanza, kipindi kimoja cha mkupuo (viwili mfululizo) kila baada ya wiki mbili, ambacho walimu wote wa hisabati hawana darasa, kiwekwe kwenye ratiba ya shule pale ukutani. Nasisitiza ratiba. Kitu kinachosemwa "mtakutana baada ya vipindi" hakunaga, kuna zamu, kuna kikao cha dharura, kuna msiba, kuna mwenzenu anawahi gari la mwisho.

La pili ndio zito na linahitaji adabu kulisema: yatakayoonekana darasani yasiingie kwenye tathmini ya mwalimu. Yasiandikwe PEPMIS (ule mfumo wa kompyuta wa kupima utendaji wa watumishi), asisomewe mtu kwenye kikao cha stafu, asipelekewe Afisa Elimu Kata kama ushahidi kwamba fulani hajui kufundisha. Semeni hivi, "Mkuu, tunaomba ukitaka kuja uje, ila siku hiyo uje kuangalia watoto kama sisi, na ripoti utaipata kwa idara, haitakuwa na jina la mtu." Wengi wanakubali, maana na wao wanabanwa na matokeo. Akikataa hilo, bora mfanye nusu ya kazi hii (hatua ya 2 na ya 3 tu, ambazo ni madaftari) kuliko kufungua milango ya madarasa halafu mtu mmoja aandikiwe barua ya kujieleza, hapo hakuna mwalimu atakayekubali tena kwa miaka kumi.

La tatu ni karatasi na kaunta buku moja. Basi. Msiombe posho. Najua tuna maisha magumu, lakini ruzuku ni shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka na sehemu yake ni ya vitabu, mkianza na posho mnaanza na ugomvi, na siku hela ikikosekana kazi inakufa. Chai na andazi la idara mtajichangisha.

Na mwambieni kabisa kwamba hiyo ndiyo JzU ya hisabati. Wadhibiti ubora wakija wakauliza MEWAKA shuleni inaendaje, yeye ana cha kuonyesha, na nyie mmepona kufanya vitu viwili.

HATUA YA 2: Chagueni swali dogo mpaka muone aibu

Hapa ndipo wengi wanapopotelea. Idara inakaa inakuja na swali "kwa nini wanafunzi wetu wanafeli hisabati". Majibu ya hilo swali kila mtu anayo mdomoni: hawapendi somo, msingi wa primari mbovu, wazazi hawafuatilii, lugha, utoro, darasa lina watoto mia. Yote yanaweza kuwa kweli na hakuna hata moja utakalolibadilisha jumatatu saa mbili asubuhi. Halafu kuna aliyemaliza shahada juzi, huyo atataka sura tano, dodoso, sampuli na uchambuzi kwa kompyuta. Mheshimuni lakini mpunguzeni kasi, hii kazi haiendi chuo.

Swali zuri lina vitu vitatu ndani: mada moja, kundi moja la wanafunzi, na kosa linaloonekana kwenye daftari. Mfano nitakaoutumia mpaka mwisho: "kwa nini watoto wetu wa kidato cha kwanza na cha pili wanakosea kujumlisha na kutoa namba hasi". Unaona lilivyo dogo, mtu atasema hii nayo ni mada? Lakini hebu fikiria linagusa wapi: milinganyo, mteremko wa mstari, matriki, vekta, kila kitu. Mtoto anapanga swali la aljebra vizuri kabisa, anaanguka kwenye 3 − 8.

Kama hamjui pa kuanzia, NECTA (Baraza la Mitihani) wanatoa kila mwaka ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, zipo bure kwenye tovuti yao, mna picha za majibu ya watoto yaliyo mazuri na mabaya. Shule nyingi hazizifungui kabisa. Someni ya upimaji wa kidato cha pili, chagueni swali moja ambalo mnajua na kwenu lipo.

HATUA YA 3: Kusanyeni makosa, alama wekeni pembeni

Andaeni jaribio la maswali kumi mafupi ya mada hiyohiyo, dakika 20, bila kutangaza na bila kuandika alama juu ya karatasi. Waambieni watoto haliendi kwenye ripoti ya mzazi, vinginevyo watanakiliana mkose cha kuchunguza. Mkishakusanya msisahihishe kwa vema na kosa. Kaeni mezani mgawe karatasi kwa mafungu, kila aina ya jibu fungu lake.

Mtaona kitu kama hiki. Swali la −7 + 3: fungu moja limeandika −4, fungu lingine −10, lingine 10, wachache 4. Swali la −3 − 5: wengi wameandika 8. Ukiangalia alama unaona tu kwamba wamekosa. Ukiangalia mafungu unaanza kuona kwamba hawabahatishi, wana kanuni, na kanuni yao tumewapa sisi wenyewe. Mwite mtoto wa fungu la 8 umuulize kwa Kiswahili, taratibu, "hebu nielekeze ulivyofanya hapa". Atakwambia, "hasi na hasi ni chanya, tatu na tano nane." Wa −10 atakwambia, "hasi na chanya ni hasi, saba na tatu kumi." Mtoto ameichukua kanuni ya kuzidisha ameileta kwenye kujumlisha, na hajaiokota barabarani, mwalimu aliisema darasani kwa kifupi kile kile tunachokisema wote, "hasi hasi chanya", bila kumalizia "ukizidisha".

Halafu muulize huyohuyo, "nadaiwa dukani elfu saba, nimelipa elfu tatu, nimebakiza deni la shilingi ngapi?" Anakujibu elfu nne hata hajafikiri. Kwa hiyo akili ya hesabu anayo, kinachomwangusha ni alama zilizoandikwa na ile kanuni iliyokatwa mkia. Hapo mjadala wote wa "msingi mbovu" unabadilika, maana sasa mna kitu cha kushika mkononi.

Mahojiano na watoto watano sita yanatosha, ila angalieni vikwazo viwili. Kwanza mtoto akiitwa ofisini anadhani ana kesi, kwa hiyo kaeni nje chini ya mti au benchi lolote, na asihojiwe na mwalimu wa nidhamu tafadhali. Pili lugha. Primari alijifunza hisabati kwa Kiswahili, sekondari anaambiwa kwa Kiingereza, ukimhoji kwa Kiingereza utapata "yes sir" na tabasamu. Mhoji kwa Kiswahili uandike maneno yake kama alivyoyasema, usiyanyooshe.

HATUA YA 4: Pangeni somo moja pamoja

Somo moja tu, dakika 80. Andikeni kwa pamoja, na kazi kubwa iwe kwenye kukisia: tukiuliza hivi, watoto wa fungu la 8 watasema nini, na sisi tutajibu nini? Andalio letu la kawaida lina safu ya shughuli za mwalimu na za mwanafunzi, nyie ongezeni kwa penseli safu ya "jibu la kosa tunalolitegemea".

Kwa mfano wetu, mnaweza kukubaliana kuanza na deni na malipo, kisha mstari wa namba uliochorwa sakafuni kwa chaki watoto watembee, kisha ndio alama. Pia kubalianeni kitu kigumu kuliko kinavyosikika: kuanzia leo hakuna mwalimu wa idara hii anayesema "hasi hasi chanya" bila kutaja kuzidisha au kugawanya. Wote, pamoja na mwalimu wa fizikia. Na mjue mapema deni linaishia wapi, ukifika −3 − (−5) mtoto atauliza kutoa deni ndio nini. Unaweza kusema kufutiwa deni, wengine wataelewa, wengine watapotea kabisa, ndio maana mnakisia kabla.

Kikwazo cha hatua hii ni vyeo na umri. Mwalimu aliyekaa miaka ishirini kazini na kijana wa kujitolea wapo meza moja, kijana ana wazo zuri, hatasema mbele ya mkubwa wake. Dawa ninayoiona inafanya kazi ni kila mtu aandike wazo lake kwenye karatasi kwanza, zinachanganywa, zinasomwa bila majina. Na somo la kwanza kabisa kufundishwa mbele ya wengine lifundishwe na huyo mkubwa au mkuu wa idara. Mkimtanguliza kijana itakuwa ni ukaguzi uleule umebadilishiwa nguo.

Na kama shule ina mwalimu mmoja tu wa hisabati? Hii sio ajabu, shule kibao ziko hivyo. Tafuta mwalimu wa fizikia au kemia, maana na yeye anaumia na hesabu hizohizo, au ungana na shule jirani ndani ya kata, au (wengi hawafikirii hili) mwalimu wa hisabati wa darasa la saba wa primari iliyo jirani yako. Huyo atakuonyesha namba hasi watoto walifundishwaje kabla hawajafika kwako, na utafunga mdomo kuhusu "msingi". Wanafunzi wa vyuo wanaokuja mazoezi ya kufundisha waingizeni pia, ila msiwakabidhi kazi yote, wakiondoka wanaondoka nayo.

HATUA YA 5: Siku ya kufundisha

Anayefundisha afundishe darasa lake la kila siku, lisipambwe. Msipeleke watoto wazuri mbele. Nimeshuhudia somo la "maonyesho" ambalo watoto walilifanyia mazoezi jana yake, majibu yanatoka kabla swali halijaisha, wageni wanapiga makofi. Halina faida yoyote.

Darasa la watoto 80 au 100 hamuwezi kuliangalia lote, kwa hiyo msijaribu. Kila mwangalizi achukue watoto wanne au watano, wachaguliwe kutoka mafungu ya hatua ya 3, akae karibu nao aone kalamu zao. Anaandika nini? Muda, alichoandika mtoto, alichofuta, alichomnong'oneza mwenzake. Mfano "dk 22, binti wa kati aliandika 8, akaangalia mstari wa sakafuni, akafuta, akaandika −8". Huo mstari mmoja una thamani kuliko ukurasa mzima wa "mwalimu alitumia zana, sauti ilisikika, wanafunzi walishiriki". Mwangalizi hasaidii mtoto, hasahihishi, hachekeshi, na simu kwenye mfuko. Mkirekodi video, mambo mawili yatatokea: mwalimu ataigiza na watoto wataangalia kamera. Achaneni nayo mzunguko wa kwanza.

HATUA YA 6: Kikao siku hiyohiyo

Sio kesho. Kesho mtu ana zamu na mmeshasahau. Nusu saa inatosha kwa utaratibu huu: aliyefundisha anaanza kusema yeye mwenyewe alichokiona, kisha kila mwangalizi anasoma alichoandika kuhusu watoto wake, kisha ndio mnajadili kubadilisha nini.

Kitakachowakwamisha hapa ni adabu yetu. Mtu wa kwanza atasema "kwa kweli mwalimu hongera, somo lilikuwa zuri sana", wa pili "nami naunga mkono", kikao kimeisha, chai. Au kinyume chake, anatokea mjuaji anaanza "mimi ningekuwa wewe..." na mwenzake ananuna mwezi mzima. Mwenyekiti awe na sheria moja anayoisimamia: kila sentensi ianze na mtoto. "Yule kijana wa dirishani alihesabu hatua kuanzia moja badala ya sifuri." Ukianza na "mwalimu ali..." unakatwa kwa upole, hata kama wewe ni makamu mkuu wa shule. Mwanzoni inachekesha, baadaye watu wanazoea, na aliyefundisha anapumua maana wanaozungumziwa ni watoto.

HATUA YA 7: Fundisheni tena, halafu pimeni bila kujidanganya

Somo lililorekebishwa linaenda mkondo mwingine, mwalimu mwingine. Kisha baada ya wiki tatu hivi (msipime kesho yake, kesho yake kila mtu anakumbuka) mnatoa jaribio lile la mwanzo, namba zimebadilishwa, idadi ya maswali ileile.

Msilinganishe wastani wa darasa. Wastani unapanda kwa sababu mia, mkondo A unaweza kuwa ndio mliowapanga wenye alama kubwa tangu mwanzo, au kuna tusheni mtaani. Hesabuni kosa lilelile. Tuseme mwanzo kwenye darasa la watoto 90 walioandika −3 − 5 = 8 walikuwa 50, sasa wako 20. Hao 20 ni kina nani, na kanuni yao ni ileile au wamehamia kosa jipya? Mara nyingi kosa jipya linazaliwa, mfano mtoto sasa anaona kila kitu deni mpaka (−3) × (−5) anaandika −15. Likitokea liandikeni, hayo ni matokeo halali kabisa, msilifiche ili ripoti ipendeze. Na kama namba hazikubadilika semeni hazikubadilika. Shule ikizoea kwamba kila utafiti lazima ufanikiwe, mtaanza kupika.

HATUA YA 8: Kalenda na kumbukumbu

Kelele kubwa kuliko zote mtakayoisikia ni silabasi, "tutamaliza saa ngapi?" Ni kelele ya haki. Kwa hiyo mzunguko mmoja kwa muhula, zaidi ya hapo mnajidanganya. Msiguse kidato cha nne wakishaanza moko (mitihani ya majaribio). Kidato cha kwanza subirini wamalize kozi ya awali ya Kiingereza mwanzoni mwa mwaka. Kidato cha pili muhula wa kwanza ndio pazuri, bado mna muda kabla ya upimaji wa Novemba. Na somo mlilopanga liwe la mada iliyopo kwenye azimio la kazi wiki hiyo, yaani mnafundisha kilekile mlichotakiwa kufundisha, ila mkiwa watano.

Kumbukumbu ziwe ukurasa mmoja kwa mzunguko ndani ya ile kaunta buku: swali letu, makosa tuliyoyakuta na idadi, tulichobadilisha, kilichotokea, tahadhari kwa atakayefuata. Buku likae kabati la idara, na mpige picha kurasa muweke kwenye grupu la WhatsApp la idara, kwa sababu uhamisho haupigi hodi, mwalimu anapata barua ijumaa na jumatatu hayupo. Ofisi ikidai ripoti ndefu, wapeni nakala ya huo ukurasa. Mkikubali mara moja kuandika kurasa kumi na tano, muhula ujao mtaandika kurasa kumi na tano bila kuingia darasani.

Mzunguko wa pili msirukie mada ngumu. Chukueni inayogusa ile ya kwanza, kwa mfano kufungua mabano kama 5 − 2(x − 3), ambapo mtoto anaandika 5 − 2x − 6, au anaanza na 5 − 2 anapata 3(x − 3). Hapo mtaona kama somo la namba hasi lilikaa kweli au lilikaa kwenye jaribio tu, na mafungu ya karatasi mtakayoyapata yatakuwa mawili tofauti kabisa: wanaokosea alama, na wanaokosea mpangilio wa kufanya. Msiyachanganye, kila moja lina somo lake.